Meka ya Sita

Jumamosi ile nilifika sokoni wakati mabehewa ya stesheni bado yana umande. Ulikuwa mwezi wa tano, mvua zimekatika, na Kamina, mji wetu huku Kongo, ilikuwa imeanza ile baridi ya asubuhi inayowafanya akina mama wajitande kitenge cha pili mabegani. Nilikuwa na vikapu viwili na gunia moja tupu. Nilitaka mahindi ya nusu mwezi, kalanga kidogo, bitoyo, yaani samaki wakavu, za kuungia sombe ya majani ya muhogo ya Jumapili, na chumvi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, mjane, nina wajukuu watatu nyumbani. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba mimi ni mtu wa hesabu. Anayeishi kwa mshahara wa mwalimu hapa kwetu hanunui kwa kukisia. Akirudi nyumbani anajua hata faranga mia mbili zilikokwenda. Kwa hiyo jambo lililotokea siku ile siwezi kusema lilinipita bila kuliona.

Soko letu lina pande mbili. Mbele wako wachuuzi wenye meza na miavuli, na magunia waliyoyanunua vijijini wiki mbili kabla. Nyuma, chini kabisa, juu ya turubai na viroba vilivyopasuliwa, wanakaa wakulima wenyewe. Hao hufika gizani. Wanaume husukuma kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli, zimebeba magunia mawili au matatu yaliyokazwa kwa mpira wa gurudumu, na fimbo imefungwa kwenye usukani ili mtu aiongoze akitembea kando yake. Wanawake hubeba mabeseni kichwani. Kuna waliotoka barabara ya Kabongo, kuna waliotoka upande wa Kaniama, na wengi wamelala njiani. Samaki ndio hutoka mbali zaidi: bitoyo za maziwa ya Kisale na Upemba hupandia treni Bukama, treni ikiwapo, na harufu yake hushuka kabla ya abiria.

Mimi hununua upande wa nyuma. Napenda pesa yangu iingie moja kwa moja katika mkono ulioshika jembe, na nimewafundisha wanafunzi wangu hivyo kwa miaka mingi. Niliyemkosea alikuwa mmoja wa hao hao.

Msomaji wa pwani anajua kibaba na pishi. Meka huenda haijui. Ni chombo cha bati au cha plastiki kinachochukua kilo mbili na zaidi za mahindi makavu. Huku nyuma hakuna mizani. Mahindi, maharagwe, kalanga, unga, vyote hupimwa kwa meka. Chombo hujazwa mpaka mdomoni, kisha kinajazwa tena mpaka kilima kisimame juu yake na punje zianze kuteleza. Bei ni ya meka pamoja na kilima chake. Na juu ya kilima hicho, mnunuzi huomba nyongeza, konzi moja au mbili.

Ninapofika kwa muuzaji nisiyemjua, kwanza huinua meka yake na kutazama kitako. Ziko zilizopigwa nyundo kwa chini hadi bati likaingia ndani, na hapo unalipa meka nzima kwa robo tatu. Wako wachuuzi wenye meka mbili, moja pana ya kununulia kijijini na moja iliyobonyezwa ya kuuzia mjini. Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 25, linakataza jambo hilo hilo kabisa, mtu kuweka nyumbani kwake kipimo kikubwa na kipimo kidogo. Nabii Amosi aliwakaripia watu waliokuwa wakingoja Sabato ipite ili warudi kupunguza kipimo. Kurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wale wanaopunja. Nikisoma maneno hayo huwa nashikwa na hofu njema, kwamba Mwenye mbingu na nchi aliinama akatazama kitako cha chombo cha kupimia nafaka.

Wiki ile ile nilikuwa nimefundisha darasani habari za Sanga, mahali palipo kando ya ziwa Kisale, katika jimbo hili hili letu. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wa mambo ya kale walifukua hapo makaburi ya watu walioishi mamia ya miaka kabla ya Mzungu yeyote kuijua nchi hii. Katika makaburi hayo ilikuwamo misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu. Kadiri karne zilivyokwenda, misalaba ilizidi kuwa midogo na kulingana ukubwa, hata mtafiti Pierre de Maret akaona humo alama ya fedha, kitu cha kuhesabia na kulipia. Niliwaambia watoto: angalieni, babu zetu wa kando ya maziwa walijua kwamba kipimo lazima kiwe kimoja kwa wote. Nilisema hivyo siku ya Jumatano. Jumamosi nikaenda sokoni.

Mama niliyemwendea alikuwa amenizidi umri, labda ana miaka sabini. Alikuwa na gunia moja la mahindi meupe na meka ya bati iliyopakwa rangi nyekundu, rangi imebanduka mdomoni. Niliigeuza. Kitako kilikuwa sawasawa kama siku kilipotoka kwa fundi. Tulisalimiana kwa Kiluba, akaniuliza watoto wamelalaje.

“Meka ngapi, mwanangu?”

“Tano, mama.”

Tukapatana bei, akaanza kupima. Kila alipomwaga meka moja katika gunia langu, alichukua punje moja akaiweka kwenye pembe ya turubai, ndiyo hesabu yake. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Hapo kinga ikapita karibu mno, gunia likamgusa bega, na tairi likazisukuma zile punje zikachanganyika na vumbi. Aligeuka akamwambia kijana apite polepole. Kisha akarudi kwangu, akajaza meka, akaimwaga akisema, “Nne.” Akajaza tena, akamwaga. “Tano.”

Nilisikia vizuri. Zilikuwa sita.

Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka, maana nilikuwa tayari kusema neno tunalosema sote mwisho wa kupimiwa. Nikalisema. “Uniongezeeko, mama.” Akacheka kidogo, akaongeza konzi moja, nikabaki nimenyoosha mdomo wa gunia, akaongeza ya pili, na ya tatu. Nikalipa za tano. “Wafwako,” akasema, yaani asante. Nikaitika.

Niseme juu ya lile neno langu la kuomba nyongeza. Kiswahili chetu cha Katanga kina kiungo kidogo, -ko, tunachokipachika mwisho wa kitenzi tunapoomba. Nipe ni amri. Nipeko ni ombi. Ongeza ni neno la mtu anayedai. Ongezako ni neno la mtu anayejua kwamba hana haki ya kupata anachokiomba, na bado anatumaini. Watu wa Unguja na Dar es Salaam wakitusikia hudhani tumekosea sarufi. Mimi naona katika silabi hiyo mna elimu ya dini. Ndani ya meka na kilima chake kuna haki: nimelipa, nipewe. Baada ya kilima huanza neema, na neema huombwa kwa -ko. Mama yule akiongeza konzi moja hanilipi kitu. Ananiambia kwamba mimi kwake ni mtu, si pochi iliyosimama mbele ya gunia. Waluba tunaita jambo hilo bumuntu, ule utu unaoonekana mtu anapomtendea mwingine.

Basi tazama nilivyofanya. Nilitumia neno la neema kufunika wizi. Konzi tatu zilitoka katika mkono ule ule uliotoa meka ya sita, katika gunia lile lile, katika dakika ile ile, na zikalala pamoja katika gunia langu. Jicho haliwezi kuzitenganisha. Lakini konzi tatu alinipa, na meka ya sita sikupewa na mtu. Zawadi inahitaji mtoaji anayejua kwamba anatoa. Yeye alijua anauza tano.

Nyumbani nilimwaga mahindi juu ya mkeka nikayapima kwa meka ya marehemu mama yangu, kana kwamba masikio yangu yangeweza kuwa yamekosea. Hayakukosea. Wajukuu waliniletea chai nikashindwa kuinywa. Nilijitwika meka ile moja katika kikapu nikarudi sokoni, jua likiwa limekaribia utosi. Mahali pake palikuwa wazi. Binti aliyekuwa akiuza viazi vitamu pembeni aliniambia kwamba mama amemaliza mapema, amekwenda na wenye kinga. Kijiji gani? Hakujua. Upande wa Kabongo, alidhani. Jina? Alimwita mama tu, kama nilivyomwita mimi.

Tangu hapo nimebeba swali: deni la mtu asiyeonekana linalipwa wapi?

Jirani mmoja, mwanamke mwema, alinipa jibu la kwanza. “Labda alijua, yaya. Wazee wale wana moyo mkubwa.” Nililifikiria jibu hilo siku mbili, maana lilikuwa tamu. Nikaliacha. Hata kama alijua, mimi sikujua kwamba anajua. Nilinyamaza nikiamini kwamba amepoteza hesabu. Kama alijua, basi yeye alitoa zawadi na mimi niliiba, na mahindi ni yale yale. Ukarimu wake hauwezi kuisafisha nia yangu.

Jirani huyo huyo akasema, ni meka moja tu. Hapo nilimkatalia bila kungoja. Kwa mama anayelima kwa jembe la mkono, meka ya mahindi ni kulima, kupanda, kupalilia, kuvuna, kupukuchua, na kutembea. Nimezaliwa kijijini, najua meka ina mgongo wa nani ndani yake.

Mimi ni Mmethodisti, kama watu wengi wa mji huu. Mchungaji wetu alinisikiliza kwa upole akaniambia niyalete mahindi yale kwenye sadaka, Mungu atayapokea kwa niaba yake. Namheshimu, lakini moyo haukutulia, nikaenda kusoma. Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinasema aliyemkosea mwenzake aungame, arudishe kitu kamili, na juu yake aongeze sehemu ya tano, ampe yule aliyemkosea. Kama huyo hana jamaa wa karibu wa kupokea, ndipo malipo huenda kwa kuhani. Nilirudia kusoma mfuatano huo mara nyingi: kwanza mtu mwenyewe, kisha jamaa zake, na madhabahu mwisho kabisa. Yesu naye, katika Mathayo sura ya 5, anamwambia mtu mwenye sadaka mkononi aiache pale pale madhabahuni, aende kwanza kwa ndugu yake.

Sisi tumeugeuza mfuatano huo. Tunakimbilia madhabahuni kwa sababu madhabahu haitutazami usoni, haiulizi mbona siku ile ulinyamaza. Nimewaona watu wakitoa kanisani magunia ya shukrani huku wakiwa na madeni kwa wajane wa mtaa huo huo. Hata mhubiri wetu mkuu, John Wesley, katika hotuba yake juu ya matumizi ya fedha iliyochapishwa mwaka 1760, hukumbukwa kwa amri tatu: chuma kadiri uwezavyo, weka akiba kadiri uwezavyo, toa kadiri uwezavyo. Watu husahau kwamba aliifunga ile ya kwanza kwa sharti zito, kwamba usichume kwa kumdhuru jirani katika mali yake, mwili wake wala roho yake. Sadaka inayotoka katika mahindi ya jirani haifiki kwenye amri ya tatu. Imekwama kwenye ya kwanza.

Muuza chumvi ninayenunua kwake ni Mwislamu, asili yake Maniema. Nilimweleza habari hii nikiwa nalipa, akaacha kuhesabu chenji. Kwao, alisema, mali ya mtu ikibaki mkononi mwako na mwenyewe hapatikani, unamtafuta kwanza kwa bidii; ukikata tamaa unaitoa kwa maskini kwa nia yake yeye, thawabu iwe yake. Lakini akitokea baadaye akaidai, unamlipa tena kutoka mfukoni mwako. Jibu hilo lilinigusa kuliko mengine yote niliyosikia, kwa sababu linakubali maskini asaidiwe leo, lakini halifuti jina la mwenye haki.

Nikakumbuka na mambo ya kwetu. Placide Tempels, padri Mbelgiji Mfransisko aliyeishi kati ya Waluba wa Katanga, alichapisha mwaka 1945, mjini Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Wengi wamekipinga, nami pia sikubaliani naye anapozungumza kama aliyetufikiria kwa niaba yetu. Jambo moja aliliona vizuri. Wazungu walishangaa kwa nini Mluba aliyeibiwa kitu kidogo hudai fidia inayopita thamani ya kitu. Tempels alieleza kwamba anachodai si bei ya kitu. Mtu mwenyewe amepunguzwa, nguvu ya uhai wake imeguswa, na fidia ni kumrudisha katika ukamilifu wake. Bibi yangu hakusoma kitabu hicho, lakini mtu akimrudishia kuku aliyeibwa bila kuja yeye mwenyewe na kuketi uani kwake, alikuwa akisema kuku amerudi, mwizi bado.

Nchi yetu inahangaika na swali hili hili kwa ukubwa wake. Tangu 2020 vijana wa Kinshasa waliokamatwa kwa ukuluna, yaani ujambazi wa magenge ya mitaani, wamekuwa wakiletwa Kaniama-Kasese, humu humu katika jimbo letu la Haut-Lomami, kulima mahindi chini ya Service national, idara ya serikali ya utumishi wa taifa. Naona mema katika jambo hilo, kijana kushika jembe badala ya panga. Lakini gunia la Kaniama-Kasese halibebi jina la mama aliyenyang'anywa simu na kukatwa mkono kule Kinshasa, mitaa ya Ngaba au Matete. Taifa linalishwa, mtu aliyeumizwa anabaki na kovu lake. Kuyatoa mahindi yangu kanisani kungekuwa hivyo hivyo, kwa kipimo cha meka moja.

Baada ya kuyapima yote haya nimeona hivi. Mungu anaweza kunisamehe dhambi yangu ya kunyamaza, na ninaamini amenisamehe. Deni lile hawezi kulisamehe kwa sababu si lake. Ni la yule mama, na yeye peke yake ndiye mwenye neno la kulifuta. Mungu akilifuta bila yeye, atakuwa amempunja kama nilivyompunja mimi, na Mungu anayetazama vitako vya meka hawezi kufanya hivyo. Anachoweza kufanya ni kuninyima usingizi mpaka nimtafute. Amefanya.

Kwa hiyo nimeacha kuuliza malipo niyapeleke wapi pengine. Mahindi ya deni nimeyatenga katika debe jikoni, nimeyaongezea sehemu ya tano kama Hesabu inavyosema. Yalipoanza kuingiwa na fukusi niliyatoa nikala na wajukuu, nikaweka mapya mahali pake siku hiyo hiyo. Kila Jumamosi naenda upande wa nyuma kabla hakujapambazuka vizuri, na mfuko. Nyongeza siku hizi siombi kwa wakulima. Wakiongeza wenyewe, napokea na kushukuru. Lakini ombi langu mimi, mwenye mshahara, hata ukiwa mdogo na hata ukichelewa, kwa mama aliyetembea usiku kucha na gunia, limekuwa zito mdomoni. Wenzangu walimu wameniambia nimezidisha, kwamba nyongeza ni desturi na desturi inaunganisha watu. Ni kweli inaunganisha, pale muuzaji anapoweza kukataa bila kuogopa kwamba mnunuzi ataondoka. Aliyetembea siku mbili hawezi kukataa.

Wanafunzi wangu nimewasimulia. Niliwaza sana kabla ya kufanya hivyo, mwalimu kusimama mbele ya watoto na kusema aliiba. Msichana mmoja wa kidato cha nne aliuliza: “Na ukimpata, Madame, akasema hataki chochote, amekusamehe?” Nikamwambia nitamwomba apokee kwanza, halafu anisamehe. Akauliza kwa nini kwa mpangilio huo. Kwa sababu akisamehe kabla ya kupokea, nilimjibu, nitakuwa nimeomba nyongeza mara ya pili.

Ndugu msomaji, kama unatoka upande wa Kabongo, au una jamaa anayesukuma kinga katika barabara ile, ulizia mama mzee mwenye meka ya bati nyekundu iliyobanduka rangi mdomoni, ambaye huhesabu kwa punje za mahindi kwenye pembe ya turubai. Mwambie kuna mwalimu mjane hapa Kamina, mwezi wa tano alinunua kwake meka tano akaondoka na sita. Mahindi yake yapo. Nitakuwa sokoni Jumamosi, upande wa nyuma, na kama hawezi kuja, nielekezwe kijiji, nitakwenda mimi.